Fuata mzigo wa chuma: kutoka Teruel hadi baharini kwa baiskeli

Baiskeli nilijifunzia Tanga, juu ya Phoenix ya baba, mguu nimeupitisha katikati ya mabomba kwa sababu siti ilikuwa inanizidi kimo. Nilipohamia Valencia, Hispania, miaka tisa sasa, nilijiona fundi. Mwaka wa pili lori likanipita karibu mno, kioo chake kikanigonga bega. Sikuvunjika kitu, lakini baiskeli ilikaa roshani miaka mitatu ikila kutu, na kila nikiitazama bega lilikuwa linaniuma upya.

Aliyenitoa kwenye woga huo ni bibi mmoja niliyekuwa namtunza nyumbani kwake, mzaliwa wa milima ya Teruel. Siku moja namlisha uji, akaniambia baba yake alifanya kazi kwenye reli ya madini, na kwamba siku hizi reli yenyewe imeng'olewa, wanapita watu wa baiskeli peke yao. "Hakuna gari hata moja?" nikamuuliza. Akacheka. "Kuna kondoo."

Njia hiyo inaitwa Vía Verde de Ojos Negros. Nimeshaipita mara nne, na wengi wenu mlioko Ulaya mmekuwa mkiniuliza nianzie wapi, nibebe nini, mimi si mwanamichezo je nitaweza. Nawajibu hapa kwa pamoja.

La kwanza, na mkisahau mengine yote shikeni hili: anzieni juu, Teruel, mkashukie baharini. Mara yangu ya kwanza nilianzia Sagunto, mji wa pwani njia inakoelekea, mwezi Julai, nikijisemea reli haiwezi kuwa na mlima mkali. Kweli haina mlima mkali. Ina mlima mpole usiokwisha, na huo ndio unaoua. Ni saa nzima unakanyaga pedeli, ukigeuka nyuma unaona umepanda, ukitazama mbele bado unapanda, jua liko utosini, chupa zimekauka. Nilifika Caudiel nikalala kwenye benchi mbele ya kanisa kama mzigo uliosahaulika. Siku ya pili nikarudi nyumbani.

Ningeielewa historia ya njia yenyewe nisingefanya ujinga ule. Mwaka 1900 matajiri wawili wa Kibasque, watu wa kaskazini mwa Hispania, Ramón de la Sota na Eduardo Aznar, walianzisha kampuni ya kuchimba chuma katika Sierra Menera, karibu na kijiji cha Ojos Negros. Chuma kiko mlimani, meli ziko baharini. Tayari palikuwa na reli nyingine kati ya Teruel na Valencia, lakini hawakukubaliana nauli ya mzigo, basi wakajenga ya kwao, zaidi ya kilomita 200, sehemu kubwa ikienda sambamba na ile ya wenzao. Ilianza kazi mwaka 1907. Mabehewa yaliteremka yamejaa na kupanda matupu. Ilipofungwa mwaka 1972, madini yakahamishiwa kwenye reli ileile waliyoikataa tangu mwanzo! Leo ya wenzao bado ina treni ya abiria, na hiyo ndiyo itakayokupandisha wewe na baiskeli yako hadi Teruel. Kwa hiyo fanya kama kile chuma: panda kwa treni, shuka kwa magurudumu.

Nafasi za baiskeli kwenye treni ni chache, na reli hiyo hufungwa mara kwa mara kwa ukarabati. Kata tiketi mapema, na uulize kuhusu baiskeli kabla hujalipa, si baada. Ukishuka Teruel utakutana na ngazi kubwa ya matofali, nzuri sana kwa picha, ya miaka ya 1920. Usiipande na baiskeli. Pembeni pana lifti. Nalisema hili kwa sababu binamu yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Manchester alibeba yake begani hadi juu, akanikuta nimeshafika, nakunywa maji.

Teruel lala usiku mmoja, hata kama mfuko unalia. Minara yake ya mudéjar iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1986, na mtu wa pwani akiitazama hasimuliwi. Ni minara ya makanisa, lakini tofali zimepangwa kwa nyota na mafundo, katikati vigae vya kijani na vyeupe, utadhani mwadhini atatokeza. Wamudéjar walikuwa Waislamu waliobaki baada ya wafalme wa Kikristo kuiteka nchi. Walikaa karne kadhaa, wakajenga, wakalima, mpaka wazao wao, ambao wakati huo walikuwa wameshabatizwa, walipofukuzwa Valencia mwaka 1609 na Aragón, jimbo ambalo Teruel imo, mwaka 1610. Kilichobaki ni matofali na maneno. Mhispania akisema fulano anamaanisha fulani. Hasta yake ni hata yetu ya kale, ya "mpaka". Zeituni wanaiita aceituna, sukari ni azúcar, na meya wa kijiji, alcalde, jina lake limetoka kwenye kadhi. Nilipogundua haya niliacha kujiona mgeni kiasi kile.

Sasa baiskeli. Haihitaji kuwa ya bei mbaya. Upande wa Aragón njia ni udongo na changarawe iliyoshindiliwa, upande wa Valencia utapata lami kwa sehemu kubwa. Tairi nyembamba za mashindano ziacheni nyumbani. Mimi natumia baiskeli ya mtumba yenye keria ya chuma na mikoba miwili, tairi nene kiasi. Beba tyubu mbili, pampu na viraka, maana kuna miba midogo huko juu yenye tabia ya mibigili ya kwetu: huioni, unasikia tu hewa ikitoka. Kabla ya safari badilisha vitambaa vya breki. Mteremko wa siku mbili unavila, na karibu na Jérica nilishawahi kusikia chuma kikisaga chuma. Taa ni lazima, ya mbele na ya nyuma. Kuna mahandaki yaliyochimbwa kwenye mwamba, mengine yana kona ndani, na ukiingia kutoka kwenye jua kali macho hayaoni kitu. Ndani ni baridi pia, jasho linageuka barafu mgongoni.

Baridi yenyewe isichukuliwe mchezo. Watu wanadhani Hispania yote ni ufukwe. Teruel iko mita 900 na ushei juu ya bahari, na ni miongoni mwa sehemu zenye baridi kali kuliko zote nchini. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, majira ya baridi ya 1937 kuingia 1938, jeshi la serikali ya Jamhuri na la Jenerali Franco aliyeiasi walipigania mji huu kwenye theluji, na askari wengi walikatwa vidole na miguu kwa kuganda. Nenda Mei au mwishoni mwa Septemba. Julai na Agosti ni joto na hatari ya moto: Agosti 2022 msitu wa Bejís, si mbali na njia hii, uliwaka vibaya, na treni ya abiria ikajikuta katikati ya moshi na ndimi za moto, watu wakaungua. Wakitangaza hatari ya moto, ahirisha. Milima haitahama.

Kutoka Teruel unapanda kwanza, kama kilomita 20, hadi Puerto Escandón, zaidi ya mita 1,200. Hapa ndipo utakaponilaani. Endesha gia nyepesi, ongea na mwenzako, ukishindwa kuongea punguza. Juu pale pana upepo na ukimya ambao sijauona kwingine Ulaya. Mkoa wa Teruel una watu chini ya 10 kwa kila kilomita ya mraba. Vijana wamekwenda mijini, na wenyeji wamekasirika kiasi cha kuanzisha vuguvugu liitwalo Teruel Existe, yaani Teruel ipo. Ukimya unaoufurahia wewe, mwenzako analia nao. Kwa hiyo nunua mkate na maji vijijini, usibebe kila kitu kutoka mjini.

Ila maduka yanafungwa saa nane mchana mpaka saa kumi na moja hivi, na Jumapili usitegemee kitu. Kati ya La Puebla de Valverde na Sarrión jaza chupa kila unapopata bomba. Sarrión tunalala. Ni mji mdogo unaoishi kwa uyoga mweusi unaoota chini ya ardhi kwenye mizizi ya mialoni, mbwa anaunusa, matajiri wanaununua kwa gramu. Mimi nilionjeshwa kwenye yai la kukaanga. Una harufu ya ghala baada ya mvua, sikuona cha kulipia pesa zile.

Kwa wasiokula nguruwe, sikilizeni. Mkoa huu sifa yake kubwa ni paja la nguruwe lililokaushwa, jamón, nao hawalihesabu kama nyama. Niliagiza supu ya mboga, nikauliza kama ina nyama, mhudumu akaniapia haina. Ikaja imenyunyiziwa vipande vyekundu. Nikamwonyesha. Akanijibu kwa upole kabisa: "Hiyo si nyama, ni jamón." Basi usiseme huli nyama. Sema sin cerdo, sin jamón, yaani bila nguruwe, bila jamón, useme mara mbili, na ukiwa na shaka omba tortilla ya viazi, yaani mayai yaliyokaangwa na viazi, na jibini. Binamu yangu alibeba makopo ya jodari na pilipili yake mwenyewe, na siku ya pili nilimwomba msamaha kwa kumcheka.

Kutoka Sarrión unavuka makorongo ya Albentosa juu ya madaraja ya mawe, unapita uwanda wa Barracas wenye mitambo mirefu ya upepo, halafu nchi inainama. Hapa sina ushauri mwingi. Unakaa juu ya siti, cheni inanyamaza, unateremka. Misonobari kwanza, kisha milozi, kisha mizeituni, hewa inazidi kuwa ya joto, na ukifika Navajas wanakuuzia machungwa. Maporomoko ya hapo, Salto de la Novia, yanastahili kushuka kwenye baiskeli hata kama miguu imekataa. Tatizo moja tu: mwendo unanoga. Njia haina magari, lakini ina wazee wanaotembea na mbwa, watoto, na trekta la mkulima anayekwenda shambani kwake, na yeye ana haki kuliko wewe. Piga kengele mapema. Kwenye makutano na barabara simama kabisa, maana masaa mengi bila gari yanakulewesha, unasahau kwamba magari yapo duniani.

Segorbe tunalala usiku wa pili, na asubuhi ni mwendo mfupi hadi Algimia de Alfara, ambapo njia ya reli inakwisha. Jina Algimia linatokana na al-jami', msikiti wa jamia. Leo hakuna msikiti, kuna baa yenye kahawa nzuri na kijiji kilichozungukwa na michungwa.

Kutoka hapo hadi Sagunto zimebaki kama kilomita 20, na hazimo kwenye picha za mitandaoni. Ni vijia vya mashambani, kisha barabara za kawaida, kisha mji. Ngome iliyozingirwa na Hannibal, jemadari wa Karthago, mwaka 219 kabla ya Kristo unaiona mlimani toka mbali, chini yake ukumbi wa maonyesho wa Warumi, na ufukweni kabisa limesimama tanuri kuu la kuyeyushia chuma, kubwa kama jengo la ghorofa, limebaki makumbusho. Mzigo wa Ojos Negros ulikuwa unaishia huku.

Kabla ya kufika bandarini kuna kipilefti kikubwa chenye malori. Mara ya kwanza kushuka kutoka Teruel, bega lilianza kuniuma kabla sijakifikia. Binamu akasema, "Dada, nifuate mimi, kaa nyuma ya gurudumu langu." Nikamwambia atangulie tu. Nikashuka, nikaikokota baiskeli kando ya barabara, na hadi leo mara zote nne nimekipita kwa miguu.