Maswali yenu ya piki za zamani: kutu, moshi na logibuku

Jamani mmeandika! Juzi nimetaja tu zile piki za mabwana shamba na mapadri za miaka ya 80, basi kila mtu kaamka na kumbukumbu zake, mwingine anatafuta ile ile aliyokuwa anapakiwa juu ya tangi akipelekwa shule. Leo najibu maswali tu. Marefu nimeyafupisha, msininunie.

Dada wa Walukuba, Jinja: *Nataka Honda CG125 kama ya marehemu baba. Nimepata mbili. Moja imepigwa rangi mpya, inawaka, inang'aa. Ya pili imelala miaka kwenye banda la kuku, ina kutu, haiwaki, lakini bei yake nusu. Nichukue ipi?*

Pole kwa mzee, dada. Mimi moyo wangu uko kwenye banda la kuku, ila usitoe hela kwanza. Rangi mpya inaficha mengi sana, fremu iliyochomelewa, tangi lililozibwa kwa gundi, madigadi ya piki nyingine, na ukishalipa ndio unaanza kuyaona moja moja. Ile ya kuku haina pa kujificha. Nenda na tochi uhesabu vilivyopo: tangi, vifuniko vya pembeni, taa ya mbele na kasha lake, saa ya spidi, madigadi, fremu ya kiti. Hivyo ndio vinavyotesa watu, injini iliyokwama sio kesi kabisa. Pistoni, ringi, valvu, klachi za CG utazipata Kisekka, lile soko la spea la Kampala, kwa sababu Wachina waliinakili ile injini wakaisambaza dunia nzima. Honda waliitoa CG mwaka 1976 wakijua inakwenda nchi ambazo oili inabadilishwa siku mtu akikumbuka, ndio maana hawakuweka cheni ya kamshafti juu kama zile Honda za CB, wakaweka fito za kusukuma valvu, vitu vichache vya kuharibika. Ndio maana baba yako aliipanda miaka yote hiyo na fundi wa kijijini akaiweza.

Sasa inama usome namba kwenye kasha la injini. Honda yenyewe inaanza CG125E. Ukikuta 156FMI hiyo injini ni ya Kichina imepachikwa, kupanda utapanda vizuri tu lakini sio piki ya mzee tena na bei lazima ishuke.

Na kiki ikigoma kushuka, tafadhali usimruhusu mtu airukie kwa miguu miwili. Toa plagi, mimina dizeli kidogo iliyochanganywa na oili mle kwenye tundu, iache siku kadhaa, halafu weka gia ya juu usukume gurudumu la nyuma mbele na nyuma taratibu kwa mkono. Ikianza kucheza hata kidogo tu, umeshinda. Isipocheza utafungua silinda, nayo sio mwisho wa dunia.

Afande mstaafu, Bombo: *Babu aliacha piki imeandikwa BSA kwenye tangi, ndogo, injini ya mchanganyiko wa petroli na oili. Fundi wangu kila nati anayoigusa inaviringika. Shida ni nini?*

Afande, heshima yako. Kwanza mwambie fundi aweke spana chini, leo hii, kabla hajamaliza nati zote. Hiyo kwa maelezo yako ni Bantam, Waingereza waliitengeneza kuanzia 1948 mpaka 1971, na nati zake hazikukatwa kwa milimita. Spana ya 13 au 14 inaingia kama inaenea lakini inacheza, ukivuta inakula kona. Unahitaji spana za Whitworth, yaani za vipimo vya zamani vya Kiingereza, na wazee wa gereji za zamani wengine bado wanazo kwenye visanduku vyao, ulizia kwa adabu utaazimwa. Bolti iliyokatika usiruhusu wakutobolee tundu waweke bolti ya Boxer (zile Bajaj za boda), hapo ndipo piki nyingi za Kiingereza zilipofia. Spea zake mpya Uingereza bado zinauzwa mpaka leo, hata gasketi na bushi.

Kuna jambo la kuchekesha kuhusu hiyo piki. Mchoro wake ni wa Kijerumani, DKW RT125, baada ya vita Waingereza wakauchukua kama sehemu ya fidia na BSA wakaugeuza kulia kushoto kama kwenye kioo, ndio maana gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Kwa hiyo ukiiwasha usianzie barabara ya Gulu. Anzia uwanjani, maana mguu uliozoea Boxer ukitaka kushika breki utabadilisha gia, na kinyume chake. Kama ina betri, angalia kwanza ni waya upi unaenda kwenye fremu, piki nyingi za Waingereza za miaka ya 50 na 60 ni chanya ndio inashikwa kwenye fremu, ukiunga kama ulivyozoea unachoma vitu.

Kijana wa Mbale: *Nimenunua Yamaha AG100 iliyokuwa ya mradi wa kilimo. Inatoa moshi mweupe mzito hata ikishapata moto, na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini. Steji nzima ya boda wananicheka. Fundi anasema nitoe pampu ya oili nichanganye mwenyewe kwenye tangi.*

Huyo fundi anatibu kichwa wakati mgonjwa anaumwa tumbo. Hiyo oili ya gia haipotei, inanyonywa. Kuna sili kwenye krankshafti upande wa klachi, ikichoka injini inavuta oili ya gia kuingia kule chini ya pistoni inaungua na petroli, ndio huo moshi na ile harufu kali. Pampu haina kosa hapo. Badilisha sili, na ukishafungua badilisha zote mbili kwa mpigo kwa sababu ya upande wa magneto (ule unaozalisha umeme wa plagi) ikifa haitoi moshi, inavuta hewa, injini inazunguka juu yenyewe hata umeachia mafuta, unafurahi eti piki imepata nguvu kumbe pistoni inakaangika.

Ile pampu inayoipa injini oili yenyewe bila wewe kuchanganya, Yamaha walianza kuitumia 1964, ukiitunza haisumbui. Ukiwa uliwahi kuacha kitangi chake kikaisha kabisa kuna skrubu ndogo kwenye pampu ya kutolea hewa, ifungue mpaka oili itoke bila mapovu. Na tangi la kwanza baada ya matengenezo weka oili kidogo kwenye petroli pia, kama bima, utatoa moshi siku moja tu wakucheke, sio mbaya.

Halafu usikivue kile kifuniko cha cheni kisa unataka ionekane ya kisasa, wala usikate zile stendi mbili za pembeni. Hiyo piki ilitengenezwa kwa ajili ya shamba, stendi moja kila upande ili uegeshe popote kwenye mteremko. Ukivitoa hivyo umebaki na nini sasa, pikipiki ya 100 yenye moshi.

Mama wa Arua: *Tangi la Suzuki ya mume wangu limejaa kutu ndani. Na kuna kitobo chini.*

Mama, kutu ni rahisi. Ondoa koki ya petroli, ziba tundu lake, tia nati chache (zihesabu zikiingia, uzihesabu zikitoka!), mimina siki mpaka lijae, liache usiku kucha au zaidi, tikisa, mwaga. Suuza na maji yenye magadi kidogo ili ile asidi ife, kausha juani siku hiyo hiyo, kisha tia petroli yenye oili kidogo uzungushe ndani, la sivyo kesho yake litakuwa na kutu nyingine ya rangi ya chungwa.

Kitobo ndicho kinaniogopesha. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, mvuke ndio unaolipuka, na wachomeleaji wengi wanakwambia nimezoea. Lioshwe na sabuni mara kadhaa, lijazwe maji mpaka karibu na kitobo, ndio aguse. Akikataa kujaza maji beba tangi lako uondoke.

Msomaji wa Busia: *Muuzaji hana logibuku (kitabu cha usajili), anasema kwa piki ya zamani barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, inatosha. Kweli?*

Sio kweli. Barua ya LC1 inaonyesha mmeuziana mbele ya mashahidi, haikufanyi mwenye piki kwenye rekodi za serikali. Na hapo mpakani ndio kabisa, piki inaweza kuwa ilivuka usiku miaka 20 iliyopita na haijawahi kusajiliwa huku. Chukua namba ya fremu, uisugue kwa msasa laini mpaka isomeke, linganisha na karatasi yoyote aliyonayo, ufanye upekuzi wa usajili kabla ya kutoa hata advansi. Namba ikionekana imesagwa au herufi zimepinda pinda usijadili bei, aga tu. Ikiwa safi ila logibuku imepotea, basi mwenye jina kwenye rekodi ndiye aombe nyingine, sio wewe, na hela ibaki mfukoni mwako mpaka itoke.

Kaka wa Nakawa: *Nikimaliza kuitengeneza CG yangu, naweza kuipigisha boda wikendi irudishe gharama?*

Kaka, wiki ya pili utakuwa unatafuta taa ya kushoto na vifuniko vya pembeni, na nilishamwambia dada wa Jinja hivyo havipatikani. Nunua Boxer ya kazi.