Redio ya jioni tu, kweli ilikuwepo?

SWALI: Mhariri, babu yangu alisoma Uingereza miaka ya 50, anasema kulikuwa na stesheni inafunguliwa jioni tu, humohumo sayansi, siasa na muziki wa akina Beethoven. Kweli au anatia chumvi?

JIBU: Kweli kabisa, na mpe shikamoo yangu. Hiyo ni Third Programme ya BBC, ilianza Septemba 29, 1946, saa 12 jioni mpaka saa 6 usiku, na hawakumbembeleza mtu, unapigwa mhadhara mrefu halafu inafuata opera nzima. 1951 Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa mwanzilishi wa fani ya kompyuta, alisikika humo akijadili kama kompyuta inaweza kufikiri, wakati kompyuta yenyewe inajaza chumba! Ila wasikilizaji wachache, 1957 wakaikata masaa, wasomi wakalalamika weee, mwishowe ikamezwa na Radio 3, stesheni nyingine ya BBC hiyohiyo.