Kabla hujaituhumu meli kwa kuzima AIS

Ukianza kufuatilia meli za uvuvi za bahari ya Antaktika kwenye ramani ya Global Fishing Watch, haitachukua muda utakutana na meli iliyopotea. Ilikuwa inaonekana karibu na kisiwa cha South Georgia, mara kimya, halafu imeibukia kwingine. Tafadhali usikimbilie mitandaoni kutangaza kwamba umenasa wezi wa samaki.

Ramani hiyo hutegemea AIS, redio ya melini inayotangaza jina la meli, mwendo wake na mahali ilipo. Nahodha anaweza kuizima, ni kweli. Lakini pia huenda kifaa kina nguvu ndogo, au hapakuwa na setilaiti juu ya kunasa matangazo yake wakati ule. Isitoshe, meli zenye leseni chini ya CCAMLR, tume inayosimamia uvuvi wa huko, hutuma taarifa zake kwa mfumo mwingine ambao sisi raia hatuuoni.

Mimi nikiona pengo, nafungua picha za rada za setilaiti za Sentinel-1, ambazo Ulaya inazitoa bure kupitia Copernicus, mpango wake wa kuitazama dunia. Rada hupenya mawingu na haihitaji jua. Kwa South Georgia hilo ni jambo kubwa, maana toothfish, samaki mkubwa wa vilindini, huvuliwa huko majira ya baridi, siku zikiwa fupi na anga limefunga. Bahari hutokea nyeusi, meli ya chuma ikawa nukta nyeupe.

Ila kipande cha barafu nacho ni nukta nyeupe! Machi 2025 mlima mkubwa wa barafu uitwao A23a, uliomeguka Antaktika tangu 1986, ulikwama karibu na kisiwa hicho, na baadaye ukatawanya vipande baharini. Kwa hiyo picha moja haitoshi. Tafuta za siku zilizotangulia na zilizofuata: nukta isiyobanduka mahali pake yaelekea ni barafu iliyokwama chini. Kisha rudi kwenye njia ya meli kabla ya kimya. Meli inayovua toothfish kwa mishipi mirefu yenye ndoana hutega kwa mwendo, halafu hurudi taratibu juu ya mstari uleule ikivuta ndoana.

Toothfish huweza kuishi miaka 50 na huchelewa kuzaa, kwa hiyo wezi wake wanaharibu kitu kisichorudi upesi. Ndiyo maana ushahidi lazima usimame. Hifadhi picha, saa ya UTC (saa ya kimataifa), latitudo na longitudo, uvipeleke kwa mamlaka za nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake, na kwa CCAMLR.