Kukusanya stempu za zamani kwa mada: mfano wa vyombo vya majini vya Afrika Mashariki

Ndugu yangu, umeeleza kwamba marehemu babu yako, aliyekuwa karani bandarini Tanga, ameacha maboksi ya barua na stempu za zamani, nawe unataka kuzipanga kwa mada moja na kuzionyesha katika shule unayofundisha, lakini hujui uanzie wapi. Mimi hukusanya stempu zenye vyombo vya majini vya Afrika Mashariki, kwa hiyo nitakujibu kwa mada hiyo, ambayo naamini inalingana na urithi wako.

Kwanza, usibandue stempu hata moja kutoka kwenye bahasha. Stempu iliyobaki mahali pake, yenye muhuri wa posta unaosomeka mji na tarehe, huonyesha barua ilitoka wapi, lini, na ilitozwa kiasi gani. Ukishailoweka majini, ushahidi huo umekwenda.

Mada yako iwe nyembamba. Ukisema “meli”, utakusanya maisha yako yote bila kumweleza mtazamaji jambo. Mimi najiuliza hivi: kila aliyetawala bahari na maziwa yetu alichagua chombo gani kimwakilishe? Stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani za mwanzoni mwa karne ya 20 hazina jahazi wala ngalawa. Zina Hohenzollern, meli ya kifahari ya Kaiser Wilhelm II, mfalme mkuu wa Ujerumani, na picha hiyo hiyo ilitumika katika makoloni mengine ya Kijerumani, kuanzia Kamerun hadi Samoa, likibadilishwa jina la koloni na thamani tu. Kwetu thamani ndogo ziliandikwa kwa “pesa”, jina la sarafu ndogo ya rupia wakati huo, kisha kwa heller, sarafu ndogo iliyochukua nafasi yake, kuanzia 1905. Zanzibar ilikwenda njia nyingine: katika toleo la 1913 thamani ndogo zina sura ya Sultani Khalifa bin Harub, lakini kuanzia rupia moja kuna ngalawa, na kuanzia rupia 10 hadi 200 kuna jahazi lililotweka tanga. Mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika nazo zilitoa stempu ya jahazi likiwa Ziwa Victoria, pamoja na sura ya Mfalme George V.

Zile za Zanzibar za rupia nyingi zinunuliwe kwa uangalifu mkubwa. Nyingi zilitumika kulipia ushuru kwenye hati, si kutuma barua, na wapo wanaofuta wino wa kalamu uliotumika kuzibatilisha kwenye hati hizo, kisha wakagonga muhuri bandia wa posta. Ielekeze stempu kwenye mwanga unaotoka ubavuni na uitazame kwa kioo cha kukuzia: mkwaruzo wa kalamu hubaki ndani ya karatasi hata wino ukiondoka, na rangi iliyooshwa huwa imepauka kuzunguka mkwaruzo huo.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote una stempu tatu tu. Ya kwanza ni jahazi la toleo la Zanzibar la 1957, lenye sura ya Sultani Khalifa. Ya pili ni jahazi lile lile katika toleo la 1961, sura ikiwa ya mwanawe Sultani Abdulla. Ya tatu ni hiyo ya Abdulla iliyogongwa maneno JAMHURI 1964 baada ya Mapinduzi ya Januari. Chombo hakikubadilika hata kamba. Kilichobadilika ni mwenye mamlaka. Mwanafunzi akizitazama zikiwa sambamba ataelewa kabla hujafungua kinywa, ndiyo maana nakusihi usijaze ukurasa. (Maneno ya JAMHURI mengine yaligongwa kwa mkono, nayo ni rahisi kuigiza, basi usilipe bei kubwa bila mjuzi kuyatazama.)

Katika maonyesho rasmi ya stempu fremu moja, yaani ubao wa kuonyeshea, hubeba kurasa 16 za ukubwa wa A4, na ukurasa wa kwanza hutaja mada na mpangilio wake. Shuleni hata kurasa nane zinatosha. Chini ya kila stempu andika mwaka, thamani, na sentensi moja inayoeleza kwa nini ipo hapo.

Usitumie gundi wala selotepu kamwe. Shika stempu kwa kibano, uziweke katika vifuko vya poliesta, na uepuke plastiki laini ya PVC kwa sababu huharibu rangi. Unyevu wa Tanga hulainisha gamu ya nyuma mpaka stempu zikagandana na kurasa, kwa hiyo simamisha albamu rafuni badala ya kuzipanga moja juu ya nyingine, na uzifungue mara kwa mara zipate hewa. Kama ukumbi unapigwa na jua, onyesha nakala za rangi, zile halisi zibaki kabatini. Kwa bahasha zenye muhuri wa kupokelea upande wa nyuma, piga picha upande huo na uiweke kando ya bahasha, ili mtazamaji aione safari yote bila mtu kuigusa.