Nilinunua walinzi wa figo kwa kopo, wangu nikiwakojoa

Dada mmoja wa Kisauni aliniandikia wiki iliyopita: "Mamangu, ule unga wa kutoa kutu kwenye figo ulikuwa ukinunua wapi? Nami nina kisukari." Nimekaa na ujumbe wake siku tatu. Hilo neno "kutu" nalijua lilikotoka. Nimelilipia shilingi 3,500 kila mwezi, miezi minane.

Mimi napika mahamri na kaimati za oda hapa Majengo, na kisukari ninacho mwaka wa kumi na moja. Wapishi wenzangu mnajua, sukari ya kuonja haihesabiwi. Kliniki mkojo ulipimwa kwa kile kijikaratasi cha kuchovya, nikaambiwa safi. Povu hakuna, miguu haijavimba. Nikajiona hodari.

Kisha daktari mmoja akataka ipimwe albumini, yaani protini ya damu iliyovujia mkojoni, ilinganishwe na kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo. Inatakiwa iwe chini ya miligramu 30 kwa gramu. Yangu 112. Wakarudia baada ya miezi mitatu, maana homa au maambukizi ya mkojo huweza kuipandisha: 118. Mvujo mdogo kama huo kijikaratasi mara nyingi hakiuoni. Nikapewa losartan, dawa ya presha inayokinga figo pia. Nililia ndani ya tuktuk mpaka dereva akazima redio.

Jioni shemeji yangu akaja na kopo. Akasema sukari imezishikisha kutu figo, na unga wake una antioksidanti za kuikwangua. Nikamwamini kwa sababu ni shemeji. Losartan nikaiweka kando, kwani kopo si lipo?

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba hakusema uongo mtupu. Sukari ikizidi, vile vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli hutema chembe korofi za oksijeni, nazo hujeruhi kuta za vichujio vya figo. Kila figo ina vichujio kama milioni moja. Kutu ipo. Ila aliniachia nusu ya hadithi, na hiyo nusu nyingine nilikuja kuipata kwa daktari, kwa aibu, kipimo kiliposoma 240.

Albumini hutengenezwa na ini, na ni zaidi ya nusu ya protini zilizo katika maji ya damu. Kazi yake mojawapo ni kunasa zile chembe korofi, kwa kipande cha salfa ilichobeba. Basi antioksidanti kubwa ya damu yangu ndiyo hiyo niliyokuwa nikiikojoa! Na ile inayobaki, sukari ikiing'ang'ania, kazi yake hupungua. Daktari alicheka nilipomwambia hivyo, akanituliza: ninachopoteza ni kidogo, ini linafidia, cha kuogopa ni kuwa chujio limetoboka. Tena, kunionya kuwa virutubisho vya kununua vyaweza kudhuru, akanieleza utafiti wa Kanada wa mwaka 2010, wagonjwa wa figo za kisukari walipewa vitamini B kwa vipimo vikubwa, na figo zao zikaharibika haraka kuliko za wasiopewa.

Kwa hiyo, dada yangu, pima mkojo. Taja kipimo kwa jina: albumini na kreatinini, angalau mara moja kila mwaka. Wakikuchovyea kijikaratasi wakakwambia nenda, usiende. Presha ishuke, sukari ishuke, maana moto wa kutu unawashwa hapo. Diclofenac za kuumwa mgongo usizimeze kama njugu. Na mkojo, pima. Sisi sote tunataka kuwaoza wajukuu, sivyo? Basi mbona tuna pesa ya kopo na hatuna pesa ya maabara? Tunamwogopa daktari, tunamwamini mwenye mkoba wa begani! Mimi nasema hivi kwa sababu nilikuwa wa kwanza katika foleni hiyo.

Losartan nimeirudia, kaimati nazionjesha watoto. Mwezi jana kipimo kilisoma 71. Nilikipiga picha nikawatumia ndugu zangu wote, hata wasioulizia.

Shemeji alipita juzi, akaniuliza mbona sichukui tena kopo. Nikamfungia kaimati kumi. Akangoja nimwambie ni zawadi, nikamtajia bei.