Kukarabati nyumba ya kupangisha ukiwa mkoa mwingine

Serikali ilipohamia Dodoma, wengi wetu tuliifuata kazi tukaacha nyumba Dar es Salaam. Yangu iko Tabata, na mwaka jana ilidai ukarabati wa nguvu: vyoo, mabomba, waya, plasta. Treni ya SGR imefupisha safari tangu 2024, lakini huwezi kuipanda kila fundi anapochanganya saruji. Kazi nimeisimamia nikiwa Dodoma, na jambo kubwa ninalokusihi ulishike ni hili: kagua na ulipe kabla kazi haijafunikwa.

Rangi na marumaru utaviona hata mwakani. Bomba lililozikwa ukutani au sakafu ya bafu kabla ya marumaru unaviona kwa saa chache tu. Fundi akishaziba, umebaki na neno lake. Kwa hiyo gawa hela ya ufundi ili kila awamu iishie hapo. Mabomba yamelazwa, hayajafukiwa: tunakagua, nalipa, ndipo plasta inaanza.

Bafuni ndiko kwa kukazania. Ziba tundu la kutolea maji, jaza maji sakafuni, piga mstari wa penseli ukutani usawa wa maji, kisha acha hadi kesho yake saa ileile. Nilidai picha ya mstari huo siku zote mbili. Fundi alilalamika kwamba namchelewesha. Choo cha chumba cha nyuma maji yalishuka kabisa chini ya mstari, na kumbe kiungo cha bomba la maji machafu hakikushika gundi. Kukirekebisha kulichukua asubuhi moja. Kama marumaru yangekuwa yameshabandikwa, tungebomoa sakafu huku mpangaji yumo ndani.

Kwa waya, omba simu ya video, fundi asogeze kamera mpaka maandishi ya kwenye ganda yasomeke: milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi. Picha za kutumiwa WhatsApp siziamini peke yake, zinaweza kuwa za nyumba nyingine. Mwambie aandike tarehe kwa chaki ukutani kabla ya kupiga picha.

Hela ya vifaa usimpe fundi mkononi. Nazungumza na duka mwenyewe, nalipa kwa lipa namba, kirikuu kinapeleka mzigo, na mpangaji wangu mmoja, mama mtu mzima, anahesabu mifuko na kunitumia risiti. Nilimpunguzia kodi kwa kazi hiyo, kwa sababu macho ya bure huchoka mapema. Ndugu simshauri. Ataona haya kumwambia fundi arudie, na mkikosana mtakosana hadi msibani. Kwa ukaguzi wa kitaalamu, mlipe kijana aliyesomea ufundi chuo cha VETA aende kila mwisho wa awamu.

Mkataba uwe wa maandishi hata kama ni ukurasa mmoja, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa awe shahidi. Taja vifaa kwa aina yake. Ukiandika “bati” tu utaletewa geji 30 wakati ulitaka 28, ambalo ni nene zaidi.

Na wewe timiza upande wako. Ukisharidhika na awamu, tuma hela siku hiyohiyo. Fundi ana watoto wanaomsubiri jioni; ukimzungusha atahamia saiti nyingine, nawe uko mbali, huna pa kumfuata. Asilimia 10 ya mwisho ndiyo pekee ninayoishikilia, mpaka mpangaji akae mwezi mzima akioga na kufua, na sharti hilo liwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.

Marumaru nayo, agiza boksi moja la ziada ulifungie stoo. Kigae kikivunjika baadaye, rangi ile huenda isipatikane tena dukani.