Usimlipe mwenye lori: jibu kwa anayetaka kufuatilia Kentucky Derby na kumwokoa farasi mstaafu

Ndugu uliyeuliza, fedha hizo usizitume. Umesema kwamba mwaka huu unataka kuifuatilia kwa makini Kentucky Derby, zile mbio maarufu za farasi za Marekani, ukauliza jinsi ya kuzisoma rekodi za farasi kabla ya Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya mbio hizo. Kisha, mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja jambo dogo, ukaongeza kwamba badala ya kuweka dau utatuma fedha zako kwa ukurasa unaomwonyesha farasi mstaafu ambaye lori litampeleka machinjioni Ijumaa. Swali la rekodi nitalifikia. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike usiku huu, kwa sababu nililipa mwaka 2020 na hadi leo nikikumbuka nasonya.

Picha uliyoieleza naijua. Farasi wa rangi ya kahawia amesimama kwenye tope, kibandiko cha namba ya mnada kiko kwenye nyonga, kichwa kimeinama, na chini yake pameandikwa kwamba ana miaka saba, ni mpole kwa watoto, alishinda mbio nyingi, na ni mjukuu wa mshindi wa Derby. Hilo la ujukuu lisikubabaishe. Farasi wote wa Thoroughbred, yaani ile mbegu ya farasi wa mbio wanaokimbia Derby, ukifuata upande wa baba, wanaishia kwa madume watatu tu waliopelekwa Uingereza karne nyingi zilizopita, yaani Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian, kwa hiyo kumtafutia yeyote kati yao babu mwenye jina si kazi ya kutoa jasho. Mimi nilipousoma ukoo ule nilijiona kama ninayepeleka posa katika nyumba ya kifalme.

Sasa sikiliza biashara yenyewe inavyokwenda. Machinjio ya mwisho ya farasi nchini Marekani yalifungwa mwaka 2007, lakini kufungwa huko hakukuondoa wanunuzi. Farasi wakaanza kusafirishwa kwa malori hadi Meksiko na Kanada. Mnunuzi wa aina hiyo, ndiye mwenye lori, huenda mnadani, hununua kwa bei inayokadiriwa kwa uzito wa nyama, na faida yake ni ndogo. Kisha baadhi yao wakagundua kwamba kuna mteja bora kuliko machinjio, mteja anayelipa kabla ya mzigo kufika, asiyepunguza bei, asiyeomba stakabadhi, na anayeshukuru huku akilia. Mteja huyo ni mimi. Kesho kutwa atakuwa wewe. Bei anayotangaziwa ni ile ya mnadani ikiwa imepandishwa mara kadhaa, na siku ya lori hutajwa makusudi ili asipate muda wa kumpigia simu mtu mwenye akili zilizotulia.

Nililipa bei ya farasi. Baada ya hapo nikaambiwa kuna gharama ya kumwondoa zizini, nikailipa. Ikafuata gharama ya usafiri, kisha ya kumtenga kwa wiki kadhaa kabla hajachanganywa na wengine, na hiyo nayo nikailipa, kwa kuwa mtu aliyekwisha kutoa kiasi kikubwa huona aibu kukwama kwenye kiasi kidogo. Hakuna hata mara moja niliyouliza namba ya utambulisho wa farasi. Niliuliza anapenda kula nini.

Alipofika kwenye zizi nililokodi, daktari wa mifugo alimkaribia taratibu, akamshika mdomo wa juu kwa vidole na kuukunjua hadi ile nyama ya waridi ya ndani ikaonekana. Hapo ndipo farasi wa mbio wa Marekani waliozaliwa kabla ya utaratibu wa sasa wa chipu ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi hubeba tatoo yao: herufi inayoonyesha mwaka wa kuzaliwa, ikifuatiwa na tarakimu. Wino ulikuwa umefifia, akaufuta mate kwa kitambaa na kuumulika kwa tochi. Herufi ilikuwa J. Farasi wa miaka saba wakati ule angepaswa kuwa na Q, ambayo ni ya mwaka 2013. J ni ya 2006. Kwa kuunyanyua mdomo tu, farasi wangu aliongezeka umri maradufu, na daktari akaniuliza kwa upole kama bado nilikuwa na mpango wa kumfundisha kuruka vizuizi. Tatoo ile tuliitafuta katika huduma ya The Jockey Club, chombo kinachotunza daftari la ukoo wa Thoroughbred wa Amerika Kaskazini, na jina lililotoka halikuwa lile la kwenye tangazo. Rekodi ya ushindi niliyokuwa nikiwasomea rafiki zangu ilikuwa ya farasi mwingine kabisa.

Hayo ningeyacheka. Kilichouma zaidi kilianza siku chache baadaye, alipopandisha homa, akagoma kula, na tezi za chini ya taya zikavimba hadi zikapasuka na kutoa usaha. Ni ugonjwa wa bakteria aitwaye Streptococcus equi, unaosambaa kwa urahisi kupitia ndoo za maji, hatamu na mikono ya watu, na mazizi ya mnada, ambako wanyama kutoka kila upande husongamana, ni mahali pake hasa. Zizi lote likafungwa. Wamiliki wengine, ambao hawakuwa wameokoa mtu wala mnyama, wakazuiwa kuwatoa farasi wao, na sehemu ya gharama za vipimo vyao ikaniangukia mimi. Zile wiki za kumtenga nilizozilipia hazikuwahi kuwapo. Alitoka kwenye tope lile moja kwa moja hadi kwangu.

Nilipomwandikia msimamizi wa ukurasa nikiomba risiti, alinifungia. Mwezi haukupita, picha ileile ikarudi, jina jipya, ukoo mpya, Ijumaa mpya. Huyo angalau ni tapeli, na tapeli huishi kwa utapeli. Hasira yangu kubwa naielekeza kwa yule bingwa wa kundi la wapenda farasi, mwenye maelfu ya wafuasi na sauti ya kichungaji, aliyenijibu nilipoonyesha wasiwasi kwamba anayeuliza karatasi wakati mnyama anakaribia kufa hana moyo. Mwenzangu, moyo ninao. Matapeli ndio walioutumia kunichomoa fedha, na yeye alikuwa amesimama mlangoni akiwafungulia.

Kwa hiyo shika neno moja: fedha yako isiguse mkono wa mwenye lori, wala wa yeyote anayekusanya kwa niaba yake. Ukimlipa, farasi mmoja atashuka, kama atashuka, na mwenye lori atarudi mnadani akiwa na uwezo wa kununua wawili. Najua utaniambia kwamba yule wa pichani atakufa. Inawezekana. Lakini hujui kama bado yupo hapo, hujui kama ni Thoroughbred, na hujui kama lori lenyewe limewahi kuwashwa, ilhali unajua kwa hakika fedha itakakoishia.

Anayestahili fedha yako ni yule ambaye farasi tayari wako kwenye mazizi yake na anayekubali kukaguliwa. Thoroughbred Aftercare Alliance, iliyoanzishwa mwaka 2012, hukagua mashirika ya kuwatunza farasi waliostaafu, hutoa ithibati na kuyagawia ruzuku, na orodha ya yaliyothibitishwa iko wazi kwa kila mtu. Shirika lisilo la faida la Marekani lenye shughuli za kueleweka huwasilisha kila mwaka fomu ya kodi inayoitwa 990, nayo husomwa na umma. Nenda uangalie ni kiasi gani kimeingia kwenye chakula na matibabu. Kisha toa kidogo kila mwezi, bila kuchagua farasi mzuri wa pichani. Thoroughbred anaweza kuishi miaka 25 na zaidi, wakati wengi wao mbio zimewaacha kabla hata ya kufikisha kumi. Kwato hutengenezwa kila baada ya wiki sita hivi, meno huhitaji kusawazishwa, na wengi hutoka kwenye viwanja vya mbio wakiwa na vidonda vya tumbo. Bei ya kumnunua ndiyo sehemu ndogo ya hesabu hiyo.

Wala usidhani umaarufu humlinda mtu. Farasi, nilitaka kusema. Ferdinand alishinda Derby ya 1986, mwaka uliofuata akawa Farasi wa Mwaka wa Marekani, akauzwa Japani kwa ajili ya kuzalisha, na alipokosa kazi huko aliishia machinjioni mwaka 2002. Kwa upande mwingine, Silver Charm, mshindi wa 1997, naye alipelekwa Japani, lakini mwishoni mwa 2014 alirudishwa hadi Old Friends, shamba la wastaafu lililoko Georgetown, Kentucky, ambako wageni walienda kumtazama akitafuna karoti. Wote wawili walikuwa na kombe lilelile. Tofauti ilikuwa kwamba huyu wa pili alikuwa na watu waliojua yuko wapi na wakamfuatilia kabla hajafika mikononi mwa mwenye lori.

Kuhusu kuzisoma rekodi: anza na Rich Strike. Farasi huyo alishinda Derby ya 2022 kwa dau la 80 kwa 1, yaani karibu hakuna aliyemtarajia, na miezi michache kabla ya hapo alikuwa amenunuliwa kwa dola 30,000 katika mbio za mauzo. Katika mbio za namna hiyo kila farasi huingia akiwa na bei, na mwenye leseni aliyeweka fedha mapema huondoka naye baada ya kumaliza. Somo lake, ukilitazama vizuri, haliko kwenye dau. Ngazi hiyohiyo ambayo yeye aliipanda, wengine huishuka: leo anakimbia kwa dola 30,000, msimu ujao 10,000, kisha 5,000 kwenye kiwanja ambacho hakionyeshwi kwenye televisheni, na baada ya hapo jina lake halionekani tena kwenye ratiba. Hapo ndipo mwenye lori husubiri.

Kwa hiyo ukitaka kweli kuyaunganisha mambo yako mawili, Jumamosi hiyo mchague farasi atakayekuja nyuma kabisa kati ya wale 20 wa Derby, umweke kwenye huduma ya bure ya Equibase, kampuni inayotunza rekodi za mbio, inayokutumia taarifa kila anapoandikishwa kukimbia, na umfuatilie miaka inayokuja. Ukiona bei yake inaporomoka, mwandikie mkufunzi wake, kwa adabu, bila kumshutumu, umwambie kwamba lipo shirika lenye ithibati lililo tayari kumpokea siku atakapostaafu, na hakikisha kwanza kwamba shirika hilo lipo na lina nafasi. Wakufunzi wengi hawapendi farasi wao waishie vibaya; wanakosa tu wa kumpigia simu Jumatatu asubuhi.

Na kama, baada ya haya yote, bado unamtaka yule wa pichani, waandikie wenye ukurasa leo uwaombe picha ya tatoo ya mdomoni, au namba ya chipu ikiwa alizaliwa 2017 au baadaye. Chipu hukaa upande wa kushoto wa shingo na kisomeo chake si kitu cha ajabu kwa mtu anayefanya kazi na farasi kila siku. Wakikujibu kwa namba, ilete hapa tuitafute pamoja. Wakikujibu kwa machozi, funga ukurasa.